Picha za ndani ya mapango ya Amboni zimenishinda, naombeni msaada wakuu

Mtoto wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Mimi mpiga picha, kazi zangu nyingi ni harusi na sendofu hapa Dar, kwa hiyo kamera naijua na flashi naijua. Wiki mbili zilizopita tulienda Tanga, msafara wa watu kumi na moja, Jumamosi tukaingia Amboni. Yale mapango nilikuwa na hamu nayo toka niko shule ya msingi, nikasema leo lazima nirudi na picha moja ya kuchapa kubwa niitundike sebuleni. Nimepiga kama mia mbili na kitu. Hakuna hata moja ya maana, roho inaniuma kweli.

Kwanza jiwe lote limetoka bapa kama ukuta wa plasta, wakati pale kwa macho yangu niliona mikunjo, vishimo, na ile michirizi ya chokaa iliyoning'inia kutoka juu kama pazia. Halafu watu wa mbele wameungua na mwanga, nyuma yao giza totoro. Na linalonisumbua zaidi, picha nyingi zina vidoa vyeupe vya duara vinaelea hewani, nimemuonyesha shangazi akasema hao ni wenyewe wa pango, nizifute. Sibishani na shangazi ila narudi tena mwisho wa mwezi, nataka kujua nirekebishe nini. Nilitumia Canon, flashi juu ya kamera, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600. Nawasilisha.

Fundi Mwanga
Mkuu pole, na usikate tamaa, mambo yote matatu yana mzizi mmoja, flashi ilikaa juu ya kamera.

Mwanga ukitoka palepale lenzi ilipo, kivuli cha kila kitu kinajificha nyuma ya kitu chenyewe, kamera haikioni, na jiwe bila kivuli halina umbo. Vile vidoa ni vumbi na matone madogo ya unyevu, mle ndani hewa nzito halafu watu kumi na moja mnahema na kuburuza miguu, sasa chembe ikipita karibu kabisa na lenzi flashi inaimulika, na kwa kuwa haiko kwenye fokasi inavimba inakuwa duara. Ipeleke flashi pembeni hata mita moja na nusu, utaona vimepotea karibu vyote. Na pumzi yako pia, ukitaka kubonyeza ibane kwanza.

Lile giza la nyuma ni hesabu tu. Mwanga ukienda umbali mara mbili unabaki robo. Kwa hiyo mtu wa mita 2 akipata mwanga wake sawasawa, ukuta wa mita 8 unapata sehemu moja ya kumi na sita. Hakuna ISO itakayokuokoa hapo, inabidi mwanga uende wenyewe kule nyuma.

Mimi nafanya hivi. Stendi ya miguu mitatu, ISO 200, apacha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) f/8, shata (pazia la kamera) naiweka Bulb, yaani inabaki wazi mpaka niifunge mwenyewe. Namulika jiwe moja kwa tochi, nachukua fokasi, naizima fokasi ya otomatiki ili isihangaike. Halafu wote tunazima tochi, giza kabisa, nafungua shata. Hapo ndio naanza kutembea na tochi ndogo naupaka ukuta mwanga kama fundi rangi, pole pole, nikitokea ubavuni, mwili wangu ukiikinga tochi isitazame lenzi. Sekunde 40, nyingine dakika nzima. Mkono usisimame, ukisimama panatokea doa. Ukiwa na msaidizi mfiche nyuma ya nguzo ya jiwe na tochi yake aimulike kwa nyuma, pale ndio pango linapata kina, utaipenda mwenyewe. Piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, maana tochi nyingi za LED zinatoa ubluu, utarekebisha nyumbani.

Hii kazi haijaanza leo. Mpiga picha Mfaransa, Nadar, alipiga makaburi ya chini ya ardhi ya Paris mwaka 1861 kwa taa za umeme wa betri, picha moja ilikula mpaka dakika 18, ndio maana akavalisha masanamu nguo za vibarua, hakuna binadamu wa kutulia muda wote huo.

Nazi Mbata
Mimi nina simu tu, niliiegemeza kwenye jiwe nikaweka hali ya usiku na taima ya sekunde 3, rafiki yangu akamulika pembeni. Imetoka vizuri kuliko nilivyotegemea.

Binti Chumbageni
Kaka yangu, karibu tena Tanga. Mimi mwenyeji, nakuomba mambo machache kabla hujafungua hiyo shata.

Mle kuna sehemu watu wanaenda kuomba na kutambika, utakuta chupa za marashi na vitambaa. Muulize muongozaji kwanza, akisema hapa hapana iwe hapana, na mtu akiwa kwenye dua yake usimpige. Ile michirizi usiishike hata kama inapendeza kuegemea, inajengwa na tone moja moja la maji yenye chokaa kwa miaka na miaka, mafuta ya vidole yanazuia chokaa kushika tena, na ikivunjika sisi na wajukuu zetu hatuioni tena.

Na popo. Wakiwa wamelala juu usiwapige flashi mfululizo, unawavuruga. Vaa barakoa, kinyesi chao kikikauka kinatoa vumbi lenye fangasi wa kuathiri mapafu. Halafu usishike chochote ukaja kula bila kunawa. Pango la Kitum huko Mlima Elgon Kenya, watu wawili walioumwa Marburg, homa kali ya virusi vinavyobebwa na popo, 1980 na 1987, wote walikuwa wamelitembelea kabla ya kuugua. Sikutishi, Amboni wageni wanaingia kila siku, ila mpiga picha anakaa sehemu moja muda mrefu kuliko mgeni wa kawaida.

Mtoto wa Tabata
Dada nimekusikia, barakoa nanunua na muongozaji nitamuuliza kila kitu.

Fundi, jana usiku umeme ulikatika nikasema ngoja nijaribu. Nimeingia stoo, nimeweka gunia la mkaa na ndoo, stendi mlangoni, f/8, sekunde 30, tochi ya mke wangu. Ya kwanza nimemulika kutoka kwenye kamera, gunia likawa doa jeusi tu. Ya pili nimechuchumaa ubavuni, nimeipitisha tochi chini chini karibu na sakafu. Wakuu, kila uzi wa gunia unaonekana, kila kipande cha mkaa kina kivuli chake. Nimemuita mke wangu aje aone. Swali moja, kamera ilifanya ukungu kwenye lenzi tulipofika Amboni, ni unyevu wa pango?

Fundi Mwanga
Ilikuwa kwenye AC ya gari njia nzima, ndio maana, lenzi ya baridi ikikutana na hewa ya joto yenye unyevu lazima itoe jasho. Mkikaribia Tanga iache kwenye begi lililofungwa, lishushe mapema lipate joto taratibu kabla hujalifungua. Hiyo ya gunia iweke hapa tuione.