Treni yangu ya kipimo cha Z inakwama kila mahali: nibomoe nianze upya?

Kichwa Kigumu:
Wakuu, habari za humu. Kwa miezi minane nimekuwa nikijenga reli ndogo ya mfano ya kipimo cha Z, ile ya 1:220 (ndogo mara 220 kuliko reli ya kweli) yenye upana wa milimita 6.5 tu kati ya reli na reli. Ubao ni sm 60 kwa 90. Kuna stesheni, handaki, daraja, na kilima chenye miti zaidi ya mia niliyoibandika mmoja mmoja kwa kibano. Jana usiku ndiyo nimewasha treni kwa mara ya kwanza. Naam, ya kwanza. Msinicheke.

Kichwa cha treni kilitembea kama sm 20 kikasimama. Nikakisukuma kwa kidole, kikaenda kidogo, kikasimama tena. Pale reli inapogawanyika, kila kikipita kinaanguka. Kwenye mpando wa kwenda darajani (sm 4 ndani ya sm 60) magurudumu yanazunguka bure. Nikadhani kinadai mafuta, nikatia matone manne hivi. Hali ikawa mbaya zaidi. Nikasugua reli kwa msasa, ndiyo nikaharibu kabisa. Na madirisha ya mabehewa niliyobandika kwa supaglu yamefunga ukungu mweupe.

Mke wangu anasema nimejenga picha, si reli. Nibomoe au kuna namna?

Mpitanjia:
Bomoa tu. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Mpanga Mataruma:
Usimsikilize huyo, mkuu. Pole kwanza. Wengi humu tumepita hapo hapo, ila tunaona aibu kusema. Umebandika kokoto na miti kabla treni haijazunguka hata mara moja. Mimi siku hizi reli ikae wiki mbili juu ya ubao mtupu, imeshikwa kwa pini tu, treni inapita mbele na nyuma, polepole na kasi, mpaka niichoke. Hapo ndipo gundi inatoka kabatini.

Mpando: sm 4 kwa sm 60 ni karibu 7 kwa 100. Treni nyepesi kiasi hicho haipandi hapo ikivuta mabehewa. Lenga 2 kwa 100, ukibanwa sana 3. Maana yake mpando wako unahitaji mita mbili, au kama mita moja na sm 35 ukikubali ule mkali. Ubao wako una mzingo wa mita tatu, kwa hiyo anzia mbali, uuzungushe. Au pima behewa lako refu kwenda juu kuliko yote, kisha ushushe daraja mpaka libaki na nafasi ndogo tu ya kupita.

Kuanguka pale reli inapogawanyika: chukua kioo cha kukuzia, angalia ndimi zinazosogea. Nina hakika kuna punje ya kokoto au gundi iliyokauka. Kumbuka kwenye Z milimita 1 ni sawa na sm 22 za reli ya kweli. Hakuna treni inayoruka pengo hilo.

Bi Stesheni:
Mafuta kaka, mafuta! Matone manne yanatosha cherehani. Hizi unachovya ncha ya sindano, unagusa kwenye gia, basi. Yaliyozidi yametiririka kwenye magurudumu, magurudumu yameyapaka kwenye reli, na vumbi limeganda juu yake. Umeme utapita wapi?

Fanya hivi. Laza kipande cha karatasi laini juu ya reli, kilowanishe kwa spiriti kidogo. Weka magurudumu ya mbele juu ya karatasi, ya nyuma yabaki kwenye reli yakivuta umeme, shika treni kwa vidole viwili, washa. Utaona mistari miwili myeusi kwenye karatasi. Geuza, rudia mpaka mistari ipotee. Reli zifute kwa kitambaa chenye spiriti hiyo hiyo. Msasa usirudie, unaacha mikwaruzo na uchafu unajificha humo.

Ukungu wa madirisha ni mvuke wa supaglu. Mvuke huo huo ndio polisi hutumia kuibua alama za vidole, kwa hiyo ukitazama vizuri huenda ukaona zako. Vioo tumia gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.

Mzee wa Lehemu:
Umeunganisha nyaya sehemu ngapi?

Kichwa Kigumu:
Sehemu moja tu, mzee wangu. Karibu na stesheni.

Mzee wa Lehemu:
Ndiyo maana. Vile vibati vya kuungia reli hulegea, na kila kiungo kinakula umeme wako. Pima umeme kwa mita ya umeme pale stesheni, kisha upande wa mbali kabisa, treni ikiwa inatembea. Lehemu jozi ya nyaya kila baada ya mita moja hivi, kwa chini, zisionekane. Na usije ukaazima kibadilisha umeme cha treni za mfano za kipimo kikubwa. Mota ya Z inaungua upesi.

Kichwa Kigumu:
Narudi na majibu. Kokoto nimezilowanisha kwa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni, zikalainika, nikang'oa mpando bila kuvunja hata taruma moja, vile vibao vya chini ya reli. Gundi nyeupe ina huruma. Kwenye ulimi wa reli nimekuta punje moja, ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Miezi minane, punje moja! Nyaya nimeongeza jozi mbili. Leo imezunguka mara saba bila kuguswa, mke wangu akasimama kutazama.

Mara ya nane imeingia handakini haijatoka.

Bi Stesheni:
Handaki si lina mlango wa nyuma wa kuingiza mkono?

Kichwa Kigumu:
Halina, dada. Natafuta msumeno.