Vitabu vya picha vya hesabu kwa mtoto wa miaka 8: nimsomee kwa lugha gani?

Kutoka: Mama wa wawili, Columbus

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Binti yangu ana miaka 8. Hesabu alikuwa anazipenda mpaka walipoanza kuwekewa kisanduku kitupu mahali pa namba: 7 + ☐ = 12. Siku hizi akiiona karatasi tu, machozi. Mwalimu wake ameshauri tusome pamoja vitabu vya hadithi na picha vyenye aljebra na jometri ndani yake. Vipo, ila vyote nilivyoviona ni vya Kiingereza, nami nimepigana miaka yote ili nyumbani tubaki na Kiswahili. Nimsomee kama vilivyoandikwa, au nimsimulie kwa lugha yetu? Naogopa kumchanganya. Na bei nazo zinanitisha.

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Leicester

Dada, usinunue kitu kwanza. Nenda maktaba ya mtaa, upande wa watoto, uangalie rafu za kuanzia namba 510. Hesabu zote zinakaa hapo: 512 ni aljebra, 516 ni jometri. Maktaba nyingi za umma, huko Marekani na hapa Uingereza, zinapanga hivyohivyo. Usipokiona unachotaka, waombe wakuletee kutoka tawi jingine.

Kuhusu lugha sina shaka hata kidogo: msimulie kwa Kiswahili. Nilifundisha sekondari Tanga miaka mingi, na nilioumia nao zaidi ni wanafunzi waliojua kutafuta eksi bila kujua eksi ni nini. Kitabu kizuri cha picha kina maneno machache, hesabu yenyewe imo kwenye mchoro. Tafuta kile cha mtungi cha Mitsumasa Anno na mwanawe Masaichiro, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1983. Ndani ya mtungi mna bahari, baharini kisiwa 1, kisiwani nchi 2, kila nchi ina milima 3, kila mlima una falme 4, hivyo hivyo mpaka kwenye visanduku, na kila kisanduku kina mitungi 10. Isimulie kama bibi anavyosimulia, ukilivuta lile neno "kila". Mtoto akishalisikia "kila" likirudi na kurudi, kuzidisha kumeshamwingia. Kabla hujafunua kurasa za mwisho, mwache akisie mitungi yote ni mingapi. Ni 3,628,800.

Kwa jometri nina kipenzi changu. Mwaka 1847, London, Oliver Byrne alitoa vitabu sita vya kwanza vya jometri vya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, kwa namna ambayo haikuzoeleka: mahali pa kuandika "pembe ABC" aliichora pembe yenyewe kwa rangi, nyekundu, njano au buluu. Kitabu hicho cha Byrne kinapatikana bure mtandaoni. Hoja zake ni nzito kwa mtoto, wala usimsomee ukurasa mzima. Zitazameni picha pamoja, mseme "pembe nyekundu", "mstari wa buluu". Kisha mwambie achore pembetatu yoyote kwenye karatasi, apake kila pembe rangi yake, azichane zote tatu na kuzipanga ncha kwa ncha. Zitalala kwenye mstari mnyoofu, nyuzi 180. Achore nyingine iliyopinda vibaya kadiri anavyoweza, ajaribu kuivunja kanuni. Hapo ndipo wengi wanapoipenda jometri, wanapojaribu kuishinda na kushindwa.

Hicho kisanduku kinachomliza, kifanye mfuko. Tundika hanga ya nguo, kila upande kikombe cha karatasi. Kushoto weka vimfuko viwili vyenye maharage yanayolingana idadi, na maharage 3 nje ya mifuko. Kulia weka maharage 11 na vimfuko viwili vitupu ili uzito wa mifuko usidanganye. Chagueni maharage ya ukubwa mmoja. Atoe 3 huku na 3 kule, kisha agawe. Kila mfuko una 4. Baada ya hapo achore yote kwenye karatasi iliyokunjwa, kiwe kitabu chake.

Kutoka: Mama wa Mombasa, Muscat

Mwalimu, shikamoo. Naongeza moja kwa dada yetu. Wataalamu wa zamani walioandika aljebra kwa Kiarabu, namba wasiyoijua waliiita *shay'*, yaani "kitu". Wanangu wanalijua neno hilo tangu madrasa, kwa hiyo hapa kwetu kisanduku kinaitwa "kitu": kitu na 7 ni 12, kitu ni ngapi? Waliacha kukiogopa.

Na kwa vitabu vya Kiswahili ingia tovuti ya African Storybook. Ni bure, hadithi za picha nyingi, na unaruhusiwa kutengeneza toleo lako. Mimi huchukua hadithi ya sokoni nikaingiza maswali ya "kitu" katikati yake.

Kutoka: Mama wa wawili, Columbus

Mwalimu, shikamoo, na dada yangu wa Muscat, asanteni sana. Jumamosi tulitundika hanga mlangoni pa chumba chao. Mara ya kwanza ikaegemea upande mmoja, nikadhani nimekosea hesabu, kumbe kikombe kilikuwa na maji. Mara ya pili binti akapata 4 kabla ya kufungua mfuko, kisha akaufungua ahakikishe. Usiku amechora kurasa sita, mfuko una macho na miguu, na anauita Kitu.

Ila ameniuliza nikakwama: ile mistari yenye alama ya sawasawa katikati, kwa Kiswahili inaitwaje?

Kutoka: Mwalimu mstaafu, Leicester

Marahaba, mwanangu. Inaitwa mlinganyo, kutokana na kulingana. Mwonyeshe hanga inapotulia.