Hendikapu za klabu: niipunguze mwenyewe kwa mkono au niiache kadi iseme?

KadiNaKalamu

Wakuu, habari za leo. Tangu mkutano wa mwaka nimebebeshwa kazi ya kusimamia hendikapu (namba za kupima uwezo wa mchezaji, ndogo ndiyo bora) za klabu yetu ya kroketi, mchezo wa kupitisha mipira kwenye matao kwa nyundo (ile ya biski, yaani zamu za ziada anazopewa mchezaji dhaifu, si aina iitwayo gofu kroketi). Aliyekuwa nayo aliniachia bahasha ya kadi na neno moja: "Usigombane." Nimeshagombana.

Hesabu zenyewe hazinisumbui. Wa 18 akikutana na wa 6 anapewa biski 12, vijiti vinachomekwa pembeni mwa uwanja, akitumia zamu moja ya ziada kinang'olewa kimoja. Mshindi anajiongezea pointi 10 kwenye kadi, aliyeshindwa anajitoa 10. Jumla ikifika alama ya hendikapu inayofuata, mwisho wa siku hendikapu inabadilika. Hapo sawa.

Sasa kuna mama mmoja wa hendikapu 6, mtu mzima, mpole, hana makuu. Amewapiga wanachama wapya mechi nne mfululizo. Jumla yake bado haijafika alama, lakini wale wapya wamenizunguka wakitaka nimshushe hadi 4 papo hapo, wanasema "anatuonea". Na kuna kijana wa 18 aliyejiunga juzi juzi tu, kila wiki anacheza kama mtu mwingine. Halafu kuna mzee wetu ambaye kadi yake "iko kwenye gari" tangu nianze kazi.

Nifanyeje? Nina mamlaka ya kumkata mtu, yaani kumshushia hendikapu kwa mkono, au nisubiri kadi?

MpiraMweusi

Pole mkuu, bahasha hiyo niliibeba miaka sita. Nianze na huyo mama, maana hapo ndipo wasimamizi wengi tunaharibu.

Kabla hujagusa hendikapu ya mtu, nenda uwanjani mechi inapokwisha uhesabu vijiti vilivyobaki vimesimama. Usiulize nani kashinda, hesabu vijiti kwanza. Mchezaji mpya ana ugonjwa mmoja: anazitunza biski kama akiba ya uzeeni. Anapiga, anakosa, anatoka uwanjani huku vijiti 12 vinamtazama. Mpinzani anaingia, anakuta mipira imekaa vizuri, anapita matao manne. Yule mpya anarudi, anakosa tena, bado hataki kutumia. Anakuja kushtuka wakati mpinzani amebakiza matao mawili na kigingi cha kumalizia, ndipo anazimwaga zote kwa pupa, na mipira imetawanyika kila kona.

Biski zinazaa zikitumika mapema. Tumia mbili au tatu mwanzoni kupanga mipira yote minne mbele ya matao yanayofuata, ujenge mfululizo wa matao kwenye zamu moja, kisha moja moja kila mfululizo unapotaka kukatika. Mtu wa 18 akifanya hivyo, wa 6 anakaa kwenye kiti muda mrefu sana.

Nilipokuwa msimamizi nilimkata mchezaji mmoja kwa malalamiko kama hayo. Msimu uliofuata alipoteza karibu kila mechi dhidi ya wale waliojua kutumia biski zao, akaacha kuja. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimehesabu kijiti hata kimoja.

Kijana ni habari nyingine. Pointi kumi kumi haziwezi kumfuata mtu anayekua haraka hivyo, na kila anayecheza naye anaumia. Huyo mshushe kwa mkono, mamlaka unayo. Lakini ukimpeleka 14, jumla ya kadi yake ianzie kwenye alama ya 14. Ukiiacha ile ya zamani, kadi na hendikapu zitakuwa zinasema mambo mawili tofauti na mfumo utakuvuruga.

Halafu mwelezee vizuri. Huku kwetu kushuka ndiko kupanda. Kuna mtu nilimwambia "umeshuka" akaninunia siku mbili.

TaoLaSita

Naongeza dogo. Angalia kwenye kadi zao kama kuna mechi za wawili wawili. Kwetu nilikuta watu watatu wamejiandikia pointi 10 za mechi hizo, na hazistahili kuwemo, ni mechi za mmoja mmoja tu. Pia mechi zisizo na biski zina jedwali lake: ukimpiga aliyekuzidi sana unapata nyingi, ukimpiga uliyemzidi unaokota chache. Kuna mwanachama alikuwa anaandika 10 kila mahali.

Na nusu biski! Wa 9 na wa 4½ wanatofautiana 4½, kwa hiyo kinachomekwa kijiti kifupi kando ya vinne. Wakumbushe kwamba kwenye zamu hiyo ya nusu hawapati pointi ya tao lolote. Nimeshuhudia mtu akishangilia tao alilopita kwa nusu biski, nyundo juu, kumbe bure.

KadiNaKalamu

Wakuu nimerudi. Jumamosi nilikaa kwenye benchi na daftari. Mechi ya kwanza ya yule mama: vijiti saba vimesimama. Ya pili: vitano, na vitatu kati ya vilivyong'olewa vilitumika dakika kumi za mwisho. Aliyelalamika zaidi ndiye aliyeacha saba. Nilimwita, nikamwonyesha vijiti vyake vilivyo kwenye nyasi, hakusema kitu. Hendikapu ya mama sijaigusa.

Kijana nimempeleka 14, jumla nimeianza upya. Alifurahi mpaka akasahau kwamba sasa atapata biski nne pungufu.

Swali la mwisho: yule mzee?

MpiraMweusi

Saba! Umeona sasa.

Mzee usimfukuzie kadi. Pitia karatasi za matokeo ya klabu, mwandikie kadi mpya wewe mwenyewe tangu mechi ya kwanza uliyo na uhakika nayo, kisha mpelekee aihakiki. Wa kwetu alipoona nimemwandikia ushindi mmoja pungufu, ile kadi ya kwenye gari ilipatikana siku hiyo hiyo.