Naomba ushauri: nisomeje maneno ya Yesu kwa mazingira ya zama zake?

Mwalimu wa Alhamisi:
Habari zenu wakuu. Naongoza kipindi cha Biblia cha vijana kila Alhamisi jioni. Juzi tulisoma Luka 19, ule mfano wa mafungu ya fedha: bwana anawaachia watumwa fedha wazifanyie biashara, mmoja anaificha tu. Nikaufundisha kama nilivyofundishwa: tumia kipaji chako. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, na huyu bwana anayeamuru maadui zake wachinjwe mbele yake, ndiye Mungu?" Nikababaika, nikasema tutaliangalia kipindi kijacho. Kipindi chenyewe keshokutwa. Chuo cha theolojia sijakanyaga, Kigiriki sijui hata herufi. Mtu kama mimi aanzie wapi?

Mama Tumaini:
Mwanangu, angalia sana. Mdogo wangu alianza na maswali hayohayo, leo Jumapili yuko kwenye mpira. Omba Roho akufunulie.

Kondakta Mstaafu:
Kuomba ataomba, mama, ila binti anasubiri jibu.

Mkuu, tazama kwanza Yesu yuko wapi. Ametoka Yeriko, anapanda Yerusalemu. Mwaka 4 KK Herode Mkuu, mfalme wa Wayahudi, alipofariki, mwanawe Arkelao alisafiri hadi Roma akaombe ufalme kwa Kaisari Augusto. Nyuma yake Wayahudi wakatuma wajumbe 50 kumpinga. Walikuwa na sababu: Pasaka ya mwaka huo askari wake waliua watu kama 3,000. Haya kayaandika Flavius Josephus, Myahudi wa karne hiyohiyo ya kwanza. Augusto akampa nusu ya nchi bila cheo cha mfalme, na mwaka 6 BK akamfukuza kabisa. Na jumba la kifalme pale Yeriko, Arkelao ndiye aliyelijenga upya!

Sasa rudia mstari wa 12 na wa 14: kabaila anasafiri nchi ya mbali akapewe ufalme, na raia wake wanatuma wajumbe kumkataa. Waliokuwa wakimsikiliza hawakuhitaji kuuliza kabaila huyo ni nani.

Mwalimu wa Alhamisi:
Nimesoma, mwili umenisisimka. Kwa hiyo bwana yule si Mungu?

Kondakta Mstaafu:
Hapo wasomi wenyewe wanavutana. Wengine wanasema shujaa ni yule mtumwa aliyegoma kumzalishia dhalimu. Wengine, nami nikiwemo, tunaona Yesu kachukua kisa kilichojulikana ili aseme mfalme ataondoka kwanza, ndipo arudi; mstari wa 11 unaonyesha watu walidhani ufalme unakuja papo hapo. Waambie vijana pande zote mbili.

Karani wa Zamu:
Mimi nilianzia kwenye hela. Denari moja ni ujira wa kibarua kwa siku, ipo Mathayo 20. Talanta moja ni kama denari 6,000. Yule mtumwa wa Mathayo 18 anadaiwa talanta 10,000, yaani vibarua vya siku milioni 60! Halafu anamkaba mwenzake koo kwa denari 100. Piga hesabu hiyo ubaoni, uone vijana watakavyoguna.

Ila si kila kinachoitwa historia mimbarini ni historia. Yesu alisema ni rahisi ngamia kupenya tundu la sindano kuliko tajiri kuingia ufalme wa Mungu. Lile lango la Yerusalemu eti likiitwa Tundu la Sindano, ngamia akipita kwa kupiga magoti, halina ushahidi wowote wa zama za Yesu. Limezuka karne nyingi baadaye. Sindano ni sindano.

Mwalimu wa Alhamisi:
Karani, hilo lango nimelihubiri mara mbili. Mara ya pili nilipiga magoti mwenyewe mbele ya watu kuonyesha ngamia anavyopita.

Mama Tumaini:
😂😂 Nilikuambia uangalie.