Mbolea ya ruzuku Trans Nzoia: tupeane uzoefu, wewe ilikufikia lini?

Habari zenu wakulima wenzangu. Mvua za Machi haziko mbali, basi tuelezane mapema. Bei tunaijua sote: mfuko wa kilo 50 ulishuka hadi shilingi 3,500 mwaka 2022, kisha 2,500 mwaka 2023, na kabla ya hapo tulikuwa tukitoa zaidi ya 6,000. Nashukuru kwa moyo wote. Ila kati ya ujumbe wa serikali wa mgao wa mbolea kuingia kwenye simu na mbolea kuingia shimoni kuna safari, na hiyo ndiyo nataka tuisimulie.

Yangu ni hii. Nina ekari tatu upande wa Endebess. Ujumbe ulikuja, mifuko sita. Nikafika depo saa kumi na moja alfajiri, nikaambiwa ya kupandia imeisha, imebaki ya kukuzia tu. Nilirudi mara tatu, nauli juu ya nauli. Nilipoipata, mahindi ya majirani yalikuwa yameshachomoza.

Kutoka eneo la Kwanza
Mimi ni mjane. Tulisajiliwa kwa jina la marehemu mume wangu, na ujumbe ulikuwa unaenda kwenye laini yake, ambayo ilishafungwa. Nilipeleka cheti cha kifo na kitambulisho changu, nikaambiwa ningoje msimu ujao. Watoto wanne, ningoje nini? Nikanunua mfuko mmoja dukani kwa bei kamili, nikautawanya kwenye ekari mbili. Tulivuna gunia tisa. Mwaka uliofuata naibu wa chifu alikuja mwenyewe nyumbani, akaniandikisha upya, hata chai haikuwa imechemka alipomaliza. Akina mama wenzangu, kama jina si lako, anza kulifuatilia Novemba.

Kutoka Kiminini
Mimi nimekodi shamba. Mbolea inatoka kwa jina la mwenye ardhi, naye aliniuzia mfuko kwa 3,800. Nililipa, maana msimu ulikuwa unapita. Anayelima ndiye angeandikwa.

Kutoka Cherangany
Sisi tulikuwa wanane, tukachanga tukakodi pikapu moja. Boda ilikuwa inataka 300 kwa mfuko, pikapu ikatutoka 120. Jaribuni hivyo.

Kutoka Saboti
Mimi ni wa 2024, mwaka wa mbolea feki. Nilinunua mifuko minne nikiwa na furaha kabisa. Juni mahindi yalikuwa yananifika gotini, manjano, na ya jirani aliyetumia samadi tupu yakinipita. Mke wangu alikuwa akienda shambani anarudi kimya. Serikali ilisema walioathirika watafidiwa, lakini mimi mifuko nilikuwa nimeitumia kuezekea banda la kuku na risiti sikuijua iliko. Siku hizi kila mfuko mtupu naukunja na kuuweka pamoja na risiti hadi nivune.

Mwanzilishi
Wa Saboti, pole sana ndugu yangu. Hilo la kutunza mfuko mtupu sikuwa nimelifikiria, leo hii nimeitoa yangu sita ghalani. Na wewe dada wa Kwanza, kuna mama hapa kwetu ana shida hiyo hiyo ya laini. Jumatatu naenda naye kwa chifu. Ni karatasi gani zingine walizokuitisha, ili asirudishwe?