Wana Isevya: Kabula na baridi ya Makete

Mama Kabula [18:41]: Wana Isevya habari za jioni. Redioni wamesoma mwelekeo wa kipupwe wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Nyanda za juu kusini magharibi joto litakuwa la wastani. La WASTANI jamani! Nilikuwa silali nikimfikiria Kabula huko Makete, Njombe 🙏

Shangazi Nyamizi [18:43]: Alhamdulillah. Basi lile blanketi zito nililomnunulia najifunika mwenyewe 😄

Kulwa [18:44]: Shangazi alikuwa anasubiri sababu tu

Mjomba Masele [18:52]: Shangazi usilifungue hilo blanketi. Wastani wanaousema ni wa hukohuko Makete, si wa Isevya.

Mama Kabula [18:53]: Kaka unanitisha sasa

Mihayo [18:58]: Mama, mjomba yuko sahihi. Wale wanachukua kumbukumbu za miaka 30 za eneo lenyewe, sasa hivi wanatumia 1991 hadi 2020, halafu wanalinganisha na msimu unaokuja. Majibu yao ni matatu: chini ya wastani, wastani, juu ya wastani. Kwa hiyo wakisema Makete ni wastani wanamaanisha baridi ile ile wanayoijua wenyeji kila Juni mpaka Agosti. Hata wakisema joto litakuwa juu ya wastani kidogo, bado ni baridi ambayo hapa Tabora hujawahi kuiona.

Mama Kabula [18:59]: Kwa hiyo baridi ngapi? Nipe namba

Mihayo [19:04]: Piga hesabu hivi. Tabora tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kule Kitulo, uwanda wa juu wa huko Makete, ni kama 2,600. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka nyuzi 6 na ushee. Usiku wa Julai hapa ukiwa nyuzi 15, watu wote majaketi, kule toa nyuzi 8 au 9.

Kulwa [19:05]: Inabaki 6. Friji

Mihayo [19:09]: Na hiyo ni ya kawaida tu. Usiku ambao hakuna mawingu wala upepo, ardhi inapoteza joto jingi kwenda angani, inaweza kufika sifuri na kupita. Mawingu yakiwepo kuna nafuu.

Kulwa [19:11]: *Imesambazwa mara nyingi:* TAHADHARI!!! Mwaka huu THELUJI itaanguka Njombe, Mbeya na Sumbawanga kwa siku 12 mfululizo. Wanasayansi wamethibitisha. Tuma kwa watu 20 uwaokoe

Mjomba Masele [19:13]: Kulwa toa takataka hiyo.

Mihayo [19:14]: Wanasayansi gani, hawana hata jina. Kinachopatikana kule ni sakitu, umande unaoganda kwenye majani alfajiri. Theluji inataka mawingu na unyevu, na Juni kule ni kiangazi, mbingu nyeupe. Miezi hii mgandamizo mkubwa wa hewa kule kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Mascarene, unapata nguvu na kusukuma hewa ya baridi kuja huku. Ndiyo kusi hiyo. Ikigonga milima inaleta ukungu na manyunyu, basi.

Kulwa [19:15]: Nimefuta. Mwalimu usinichape

Mjomba Masele [19:24]: Mimi nimebeba viazi kule kwa lori miaka mingi. Unapandia Chimala, kona zile wanaziita Hamsini na Saba, na ni 57 kweli, mpaka Matamba. Chini umevaa fulana, juu unatafuta koti. Asubuhi moja tumeamka kioo cha mbele kimeganda cheupe. Utingo wangu kijana wa Urambo akachemsha maji akamwaga pale. Kioo kikapasuka kutoka kona hii mpaka ile. Tumeshuka mpaka Chimala tunapigwa na upepo usoni, na yeye ndiye analia.

Shangazi Nyamizi [19:25]: 😂😂 maskini

Mjomba Masele [19:26]: Maskini gani, kioo nililipa mimi.

Kabula [19:40]: Shikamooni wote. Mtandao ndio umerudi. Naona mnanijadili bila mimi kuwepo

Mama Kabula [19:40]: Marahaba mwanangu. Unakula? Unalala vizuri?

Kabula [19:43]: Nakula mama, viazi asubuhi na jioni. Baridi imeshaanza, nguo nikifua leo zinakauka keshokutwa. Ila usiku naingiza jiko la mkaa chumbani, nafunga dirisha, nalala kama mtoto. Mama mwenye nyumba kanifundisha: mkaa ukishakuwa mwekundu wote hauna madhara

Dotto [19:44]: KABULA HAPANA

Dotto [19:49]: Nipo zamu ila nisomeni wote, na wewe mama Kabula. Si moshi pekee unaoua. Mkaa mwekundu bila moshi unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Inashika damu kwa nguvu kama mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua lakini mwili haupati hewa. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, usingizi. Huo usingizi mtamu unaousifia ndio unaonitia hofu. Na sufuria la maji pembeni ya jiko halisaidii kitu.

Kabula [19:51]: Kweli juzi niliamka kichwa kizito. Nikasema mafua

Mama Kabula [19:51]: Yesu wangu

Dotto [19:54]: Ota moto jikoni au barazani, ukienda kulala jiko libaki nje. Usiku maji ya moto kwenye chupa ya plastiki ngumu, funga kizibo vizuri, izungushie kitambaa, weka miguuni. Soksi kavu za kulalia tu. Nguo nyepesi tatu moja juu ya nyingine zinashinda sweta moja nene. Na mchana jipake mafuta ya kukinga jua, jua la mlimani linachoma hata ukisikia baridi. Leo jiko litoke. Naomba uniahidi hapa mbele ya wazee.

Kabula [19:56]: Nimelitoa. Kweli, nimesimama nimelitoa sasa hivi

Shangazi Nyamizi [19:57]: Sasa blanketi linasafiri. Nimeshalirudisha kwenye mfuko wake.

Kabula [20:02]: Asante shangazi ❤️ Mjomba nina swali lako. Mwalimu mwenzangu ana kinyungu, bustani ya kiangazi, bondeni, karibu kabisa na mto, ananikodishia robo eka kwa bei ya bure. Nataka niweke viazi Juni hii. Udongo mweusi, maji yapo

Mjomba Masele [20:08]: Bei ya bure kwa sababu anajua. Hewa baridi ni nzito, usiku inateremka mlimani na kukaa bondeni. Nimeona mara nyingi, viazi vya juu kijani kabisa, vya chini majani meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Shamba moja, mita chache tu. Muulize mwaka jana Julai alivuna nini pale.

Mihayo [20:11]: Na ule mwelekeo wa msimu usikusaidie kuamua siku ya kupanda, ni picha ya miezi mitatu na eneo kubwa. Fuata taarifa za siku kumi kumi za Mamlaka na utabiri wa kila siku. Msimu mzima unaweza kuwa wa wastani halafu usiku mmoja tu ukaunguza shamba lote.

Mjomba Masele [20:14]: Omba kipande cha katikati ya mteremko. Ukikosa, subiri Agosti iishe. Ukiwa na haraka sana, mwagilia jioni, udongo wenye maji unashika joto kuliko mkavu, na miche ifunike nyasi. Lakini mimi nisingeweka hela yangu.

Kabula [20:19]: Nimemuuliza sasa hivi kwa simu. Kacheka. Kasema mwaka jana hakuvuna, ila "mwaka huu redio imesema wastani"

Kulwa [20:20]: 😂😂😂 Mama, umepata mwenzako

Mama Kabula [20:21]: Kulwa nitakufikia hapo ulipo.

Mama Kabula [20:27]: Tuyaache. Basi la Mbeya linaondoka alfajiri Jumamosi, linapita Sikonge na Chunya. Shangazi lete blanketi Ijumaa jioni, Masele yule dereva unamjua, mwambie mzigo aukabidhi wakala wa Mbeya upelekwe Njombe. Mihayo soksi pea nne, za sufu. Mimi natia asali lita tatu na karanga.

Kabula [20:28]: Mama asali ya huko ikifika huku inaganda

Mama Kabula [20:29]: Ikiganda utakula na kijiko.