Tupeane uzoefu: wahudumu wa kinywa na meno, usiku mnalalaje?

Ndugu wanataaluma, ninaandika baada ya kuamka saa nane usiku kwa siku ya nne mfululizo, hapa Nkuhungu, Dodoma, nikiuwaza mzizi wa gego la chini uliovunjika mkononi mwangu na ambao niliutoa baada ya karibu saa nzima, mgonjwa akiwa ameng'ang'ania kiti na foleni ikinisubiri mlangoni. Mgonjwa alikwenda zake salama. Jino nililala nalo mimi. Siku hizi naamka taya zikiuma, na nilipojitazama kwenye kioo nilikuta magego yamelika kwa kusagwa usingizini, dalili ileile ninayowaonyesha wagonjwa huku nikiwashauri wapunguze mawazo. Naomba kila mmoja aeleze yaliyomkuta.

Tabibu meno, Mpwapwa: Shikamoo, daktari, na pole sana. Mimi hunikosesha usingizi wale wanaofika wamekwisha kuvimba shavu, baada ya wiki za kujitibu nyumbani. Penye usaha ganzi haishiki vizuri, kwa sababu tishu zimekuwa na tindikali, hivyo unajikuta unamuumiza mtu uliyemwahidi kwamba hatasikia kitu, na usiku ni ile sura yake inayorudi, hasa akiwa mtoto. Nilichobadilisha ni ahadi. Sasa namweleza kabla ya sindano kwamba huenda akasikia maumivu, kwamba akiinua mkono nitasimama, na kwamba pengine leo tutatoa usaha tu na jino lisubiri. Kazi haijapungua, lakini nalala.

Msaidizi wa kliniki, Area C: Kwangu ilikuwa kahawa ya saa kumi jioni. Nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini saa tatu usiku, nami nilikuwa nikiilaumu shingo. (Shingo nayo inauma, kwa kuinama upande mmoja kutwa, ila hiyo ni mada nyingine.) Kahawa niliihamishia asubuhi, japo siku za foleni ndefu huwa nashindwa.

Mwanzisha mada: Marahaba, dada wa Mpwapwa. Sikuwahi kufikiri kwamba kinachoniamsha huenda ni ile kauli yangu ya kila siku, "hutasikia kitu". Kesho saa tatu asubuhi nina mgonjwa aliyevimba. Nitaanza na maelezo, sindano ifuate.